Hodi ya Mama Kwenye Mlango wa Baa

Ilianza siku ya Alhamisi, mwezi wa Novemba, saa kumi na dakika tano jioni. Saa naikumbuka kwa sababu nilipoingia kwetu, mkoba wa skuli bado begani, niliitazama saa ya ukutani mara mbili nikidhani imeharibika. Mama alikuwa nyumbani. Siku za kazi mama harudi kabla ya saa kumi na moja.

Alikuwa amekaa jikoni na buibui lake mwilini, pochi mapajani, na ndani ya pochi kisu chake cha samaki kimeviringishwa taulo vilevile kama alivyotoka nacho asubuhi. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa amesimama jikoni anachemsha chai kama mwenye nyumba. Shangazi anakaa Edmonton, upande wa pili wa London, treni na mabasi mpaka kwetu Woolwich, na haji bila ya jambo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kaa kitako. Mama yako ameacha kazi."

"Sikuacha," mama akasema, uso chini.

"Basi kazi imekuacha wewe, wifi. Ubaya uko wapi? Mwanamke wa Kiislamu, mume yuko baharini anahangaika, mke anapika baa! Mungu akikufungulia mlango wa kutokea, toka."

Mama alikuwa anakunja na kukunjua ukingo wa ukaya, kitambaa chake cha kichwani, na mimi namjua mama yangu: akifanya vile hana hasira, ana aibu.

Baa yenyewe iko kando ya mto, karibu na kivuko. Ni ya zamani, baa ya mabaharia na wachukuzi wa bandarini. Boriti za dari zilitolewa kwenye meli zilizovunjwa, nyeusi kama masizi, na ukutani wamechora mistari kuonyesha mto ulifika wapi ulipofurika enzi za mababu zao. Wenyewe husema ina miaka mia tatu. Sijui nani alihesabu. Mimi nikiijua kwa jikoni tu. Jumamosi nilikwenda kumsaidia mama kumenya viazi, tukishuka kichochoro cha mtoni na kuingia kwa mlango wa nyuma, na ukumbi wa wanywaji nilikuwa nikiuona vipande vipande kupitia kidirisha cha kupitishia sahani: mkono, glasi, sharubu.

Mama aliweka masharti siku ya kwanza, kwa Kiingereza cha vidole. Nguruwe sishiki. Pombe simimini. Mwenye baa, mama wa makamo aliyeirithi kwa baba yake, alimtazama juu mpaka chini akasema nguruwe atachemsha mwenyewe, lakini samaki je, unawajua? Sisi watu wa Unguja kuulizwa kama tunajua samaki! Haukupita mwezi, wazee wa bandarini wakawa wanauliza samaki wa Ijumaa wamefanywa nini. Wametiwa ndimu na kitunguu thomu kabla ya unga, na mama hakumwambia mtu.

Na niseme lililo kweli: kazi ile ndiyo iliyokuwa ikinisomesha. Fedha za baba, ambaye ni mtia mafuta kwenye injini za meli, zilikuwa za kodi ya nyumba na za wazee wetu waliobaki Unguja, tangu sisi tulipoondoka miaka michache baada ya Mapinduzi. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Skuli ya lazima ilikuwa inaniishia kiangazi kinachokuja, na shangazi alikuwa ameshanitafutia mahali, karakana ya cherehani ya rafiki yake, nikae kwake Edmonton nishone zipu za suruali; ndilo lililomleta siku ile. Baba alikuwa amesema neno moja: kama mama yake ana uwezo wa kumsomesha, asome, kama hana, aende kwa shangazi yake. Mama alikuwa na uwezo. Mpaka Alhamisi ile.

"Kwani kimetokea nini, mama?"

"Maji yalijaa," mama akasema.

Mto ulikuwa umejaa mno asubuhi ile, ukapanda ngazi ukamwagika kichochoroni mpaka magotini. Mlango wa jikoni haufikiki. Mama akazunguka kwenda mlango wa mbele, mlango ambao hajawahi kuupita tangu aanze kazi. Na siku yenyewe ilikuwa siku ya matanga. Mzee mmoja, aliyekuwa nahodha wa tagi, yale maboti ya kuvutia meli, alikuwa anazikwa asubuhi, na watu wangerudi baa kula. Alikuwa akinywa pale tangu ujana wake. Mama alikuwa apike pai za nyama za wafiwa wote. Usiku wa kuamkia siku hiyo aliniambia, chakula cha matanga hakicheleweshwi.

"Nikapiga hodi," mama akasema. "Mlango uko wazi, lakini mlango kuwa wazi si ruhusa. Nikasema, hodi. Watu wanaburura viti, hakuna aliyegeuka. Nikasema ya pili. Akatoka mwanamume kabeba kiti, akanitazama, akanambia maneno, akatikisa kichwa hivi, hapana, akaingia zake ndani. Nikangoja. Nikapiga ya tatu. Kimya."

"Ukarudi?"

"Ya tatu hiyo, mwanangu. Nyumba ina msiba, nimeshaambiwa hapana. Nifanye nini tena, nijipenyeze kama paka?"

Nilitaka kucheka, na macho yakanijaa machozi. Nani London anapiga hodi baa? Mlevi anausukuma mlango kwa bega. Mimi nalijua hilo, mtoto niliyekulia hapa tangu miaka sita. Mama amefanya kazi mle mwaka na nusu na hakuwahi kuhitaji kulijua. Lakini pia nilijua kwamba hakukosea. Kwetu ukipiga hodi tatu usiitikiwe, unarudi, hata iwe nyumba ya ndugu yako wa tumbo moja. Huchungulii. Humuulizi mtu kwa nini hakuitika.

"Halafu simu ikalia," shangazi akadakia, anamimina chai. "Nikaipokea mimi. Huyo bibi wa baa, kafoka kama kamwagiwa maji ya moto. Kasema mwambie asirudi tena. Nikamwambia, tunashukuru sana."

"Umemwambia mnashukuru?"

"Kwa Kiingereza kizuri kabisa."

"Shangazi, kazi si yako!"

Mimi sijawahi kumpandishia mtu mzima sauti. Mimi ni mwenye haya. Darasani nikiulizwa jambo ninalolijua nasema silijui, ili nikae chini upesi. Shangazi aliweka birika taratibu.

"Wamsikia mwanao, wifi? Ndiyo mafunzo ya baa hayo. Nyama wanazopika si za halali, na ulimi umekuwa hauna halali."

"Napika, sili," mama akasema. Kisha akanigeukia mimi, kama shangazi hayupo. "Wafiwa wamekula nini, unadhani?"

Hilo ndilo lililomkaa moyoni tangu asubuhi. Si kazi, si aibu ya kufukuzwa. Wafiwa wamekula nini.

Nikajifunga mtandio wangu, nikasema nakwenda kununua mkate.

"Mkate upo," shangazi akasema.

"Si huo," nikasema, nikatoka.

Sokoni walikuwa wanakunja vibanda, wanamwaga barafu ya samaki mferejini. Nilikwenda mbiombio ili nisipate nafasi ya kufikiri. Nilipofika mtoni maji yalikuwa yameshuka, kichochoro kimebaki na tope na vijiti. Ningeweza kupita nyuma. Ningegonga mlango wa jikoni, nikaeleza kwa sauti yangu ndogo, pengine nisisikiwe. Nikasimama pale kwenye tope nikajiambia, hapana. Mama alisimama mbele. Na mimi naingia mbele.

Baa ilikuwa imefunguliwa kwa jioni muda si mrefu. Niliusukuma mlango kwa mikono miwili. Ndani moshi wa sigara, makoti yaliyolowa yanafuka mvuke, suti nyeusi za mazishi na tai zimelegezwa. Sijafika katikati ya ukumbi, kengele ikalia kwa kishindo kiasi kwamba nikajikunja kama naangukiwa na dari.

Ukumbi mzima ukashangilia, glasi juu.

Ilikuwa kengele ya meli, ya shaba, imetundikwa juu ya kaunta, na chini yake mzee mwembamba kashika kamba yake. Desturi hiyo nilikuwa nikiisikia kupitia kidirisha Jumamosi nyingi. Mtu akiingia ukumbini na kofia kichwani, kengele inapigwa, naye anawanunulia waliomo wote kinywaji. Wanasema waliianzisha mabaharia. Hakuna kibao mlangoni cha kukueleza. Ama unaijua, ama unalipa. Wageni hulipa huku wanacheka, kwa sababu watu wote wanacheka.

"Kofia, mpenzi," mzee akasema.

"Si kofia."

"Nini? Sema kwa sauti, masikio yangu yalibaki kwenye injini."

"Si kofia!"

"Imekaa wapi?"

"Kichwani."

"Basi ni kofia. Hata kapteni wa manowari alilipa hapa. Ivue tukusamehe, au lipa."

Wakacheka. Si kwa ubaya, nilijua si kwa ubaya, na hilo ndilo lililonichoma. Nikasikia sauti inasema, tena ni yangu: "Sivui. Na silipi. Mimi sinunui pombe."

"Ooh!" mmoja akasema kutoka dirishani. "Imetuingilia dhoruba."

Mwenye baa akatokea nyuma ya kaunta anajifuta mikono. Aliponitambua uso wake ukajifunga. "Muacheni. Ni binti wa mpishi. Wa yule aliyekuwa mpishi. Umekuja kuchukua aproni yake?"

"Mama yangu alikuja asubuhi," nikasema.

"Hakuja. Mjane wa watu alikaa pale, kwenye kile kiti, na mkate na jibini na kachumbari ya chupa. Siku ya kumzika mumewe! Nimempigia simu mama yako, nikaambiwa asante. Asante!"

"Hiyo asante haikuwa ya mama. Ilikuwa ya shangazi yangu, na shangazi yangu haitaki baa hii hata kwa kuisikia. Mama alikuja. Alisimama pale mlangoni akabisha, mara tatu, hakuna aliyemjibu. Kwetu ukibisha mara tatu usijibiwe, unaondoka. Ni adabu."

"Alibisha? Mlango wa baa?" Mwenye baa akawageukia wateja kama anataka mashahidi. "Hii ni baa! Mlango huu wanapita wezi, wanapita mbwa. Miaka mia tatu hakuna mtu aliyebisha!"

"Basi mama yangu ndiye wa kwanza."

Mtu mmoja akakohoa. Alikuwa jitu la mabega mapana, limekaa karibu na moto, uso mwekundu. "Mwanamke wa nguo nyeusi?" akauliza polepole. "Mfupi?"

"Ndiyo."

"Nilimwona. Nilikuwa nabeba viti. Alikuwa anaita, anaita, nikadhani amepotelewa na mbwa." Akatazama glasi yake. "Nikamwambia, hapana mama, sijamwona."

Kicheko kilichopasuka hapo kilikuwa kikubwa kuliko cha kengele. Hata mwenye baa mdomo ulimcheza. Mimi sikucheka. Nilingoja mpaka wakamaliza, na kungoja huko ndiko kulikokuwa kugumu kuliko yote, kwa sababu ukumbi ulikuwa unanitazama mimi na hakuna mahali pa kukaa.

"Nyinyi mna sheria yenu," nikasema. "Haikuandikwa mlangoni. Mtu asipoijua mnampigia kengele na mnamlipisha. Mama yangu ana sheria yake. Haikuandikwa mlangoni vilevile. Hamkuijua, na aliyelipa ni yeye. Kwa nini alipe yeye kila mara?"

Nikamgeukia mwenye baa, kwa sababu kazi ni yake. "Tangu asubuhi mama ameuliza kitu kimoja tu. Hakuuliza kuhusu kazi. Ameuliza, wafiwa wamekula nini."

Alisimama na kile kitambaa chake mkononi. Nilidhani atanifukuza. Akaangalia kile kiti alichosema amekaa mjane, akavuta pumzi ndefu kupitia puani.

"Kuna sanduku zima la samaki kwenye sinki," akasema. "Kesho Ijumaa. Mwambie aje."

Ningeweza kusema ahsante nikakimbia. Nilikuwa nimeshapata nililolifuata. Lakini nilimkumbuka shangazi na birika lake, anavyongoja, na nikajua nikiyaleta maneno haya mimi, atasema mtoto amekwenda kuomba.

"Ulimfukuza kwa simu," nikasema. "Mrudishe kwa simu. Wewe mwenyewe."

"Hanielewi kwenye simu!"

"Anakuelewa. Amekaa jikoni kwako mwaka na nusu anakusikia unavyogombana na watu wa bia."

Yule mzee wa kengele akajipiga paja. "Mpigie, mpigie, la sivyo tutakesha."

Mwenye baa akapiga. Alisema kwa sauti ya juu na polepole, kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto: kesho, samaki, njoo. Kisha akanyamaza, anasikiliza, nyusi zinapanda. Akaninyooshea simu. "Anasema maneno mengi. Anasema nini?"

Sauti ya mama ilikuwa imetulia kabisa. "Mwambie nitakuja alfajiri. Samaki watangoja. Kwanza napika pai za mfiwa, na yeye mwenyewe azibebe mpaka nyumbani kwa mfiwa, si kumtuma mtu. Mwambie hivyohivyo. Na wewe toka humo."

Nikamwambia hivyohivyo, bila ya kupunguza. Mwenye baa akatazama dari. "Sawa," akasema. "Mwambie sawa."

Hakuomba radhi, na mimi sikuitaka. Nikageuka kutoka.

"We binti!" mzee akaniita. "Kengele imeshalia. Sheria ni sheria, lazima mtu alipe."

Nilikuwa nimeshashika mlango. "Alipe aliyeipiga," nikasema.

Nikiwa nje nilisikia wanagonga meza kwa glasi na kumwita mzee kwa majina ambayo siwezi kuyaandika. Sijui kama alilipa. Niliegemea ukuta, nikatapika chai ya skuli ubavuni mwa mlango ule wa kihistoria. Hayo nayo nayasema, maana mtu asije akadhani nilikuwa simba.

Nyumbani, mama alikuwa anakinoa kisu. Shangazi alinitazama mikono.

"Mkate uko wapi?"

"Sikununua."

"Una harufu ya sigara."

"Ndiyo, shangazi."

Alitaka kusema kitu, akamtazama mama, mama akaendelea kunoa, kwaru, kwaru, kwaru. Tukala wali uliobaki. Kisha tukalala.

Asubuhi yake nilipoamka mama alikuwa ameshaondoka. Nilimbebea shangazi begi lake mpaka kituo cha basi. Kulikuwa na ukungu, hata kivuko kilikuwa kinapiga honi bila ya kuonekana. Shangazi alikuwa amejifunga koti mpaka kidevuni.

"Uso wa haya," akasema, "kumbe ndani una mambo."

"Shangazi, mwambie rafiki yako wa cherehani ile nafasi ampe mwengine. Mimi nasoma."

"Hilo ataamua baba yako."

"Baba ameshaamua. Alisema mama akiweza. Mama anaweza."

"Na nikimwambia baba yako kuwa binti yake ameingia baa, tena kwa mlango wa mbele, usiku?"

"Haukuwa usiku, ilikuwa jioni. Mwambie. Mwambie na kengele nilipigiwa."

Aliniangalia kwa muda mrefu. Sikutazama chini. Shingo iliniuma kwa kutotazama chini. Basi likaja, nikampandishia begi lake, nikambusu mkono, maana ni shangazi yangu na hilo halibadiliki, nikashuka kabla kondakta hajapiga kengele. Nikarudi nyumbani kuchukua vitabu vyangu, nikaenda skuli.